Siku Dada Alipopiga Kigelegele

Mimi nilikuwa sijui kwamba mbwa anaweza kupata kansa. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo ndilo linalonikaba. Najua mbwa anaweza kuliwa na mamba. Nimeona kwa macho yangu. Anaweza kupigwa pembe na nyati, kutegewa sumu na mtu mwenye kuku, kugongwa na lori la ng'ombe pale njia panda ya Garsen, au kupata kichaa akauawa kwa mawe. Hivyo ndivyo mbwa wa huku kwetu wanavyokufa. Lakini kansa? Kansa niliijua mimi. Nililala nayo hospitali, ikaninyonyoa nywele, nikakatwa titi la kushoto kwa ajili yake, nikarudi nyumbani hai, jambo ambalo watu wengi hawakulitarajia na wengine, nadhani, hawakulipenda. Nilidhani ni kitu cha watu, kama ndoa na kesi.

Nitawataja waliohusika. Majina siandiki, maana huku jina moja lina wenyewe wengi na sitaki asiye na kosa anyooshewe kidole. Nitasema kazi ya mtu au undugu wake kwangu. Mwenyewe akisomewa atajijua.

Mbwa alikuwa jike, rangi ya tope la mto likishakauka, sikio moja limekatika ncha. Nilimpata Garsen siku ya mnada wa mifugo, kabla sijaugua. Nilikuwa nimepeleka maembe, na yeye, mdogo bado, alikuwa nyuma ya kibanda cha nyama anavutana na mwenzake kipande cha ngozi. Alishindwa. Akakaa akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwamuzi. Nilipoondoka akaja nyuma. Nilimfukuza kwa maneno, nikamfukuza kwa jiwe, akaja tu.

Shamba langu liko chini ya Golbanti, pale mto ukifurika maji yanaingia yenyewe, na yakitoka yanaacha udongo mweusi ambao hata ukiangusha kijiti kinaota. Napanda mpunga na mahindi, na migomba kidogo juu kwenye ukingo. Adui ni nyani. Watu wasiolima hawanielewi nikisema nyani ana dharau. Mwanamume akisimama, wanatawanyika. Mwanamke akisimama akapiga debe, wanamtazama, wanamaliza kuvunja hindi, wanavunja la pili, ndipo wanaondoka, tena kwa kutembea. Na mimi wakati ule nilikuwa mwanamke peke yangu. Mume wangu, na huyu ndiye wa kwanza kumtaja, niliporudi kutoka hospitali alinitazama kifuani mara moja, akasema anakwenda Malindi kutafuta kazi. Kazi aliipata. Na wa kumpikia akampata.

Basi mbwa ndiye aliyekuwa mwanamume wa shamba lile. Mimi nilikaa juu ya dungu nikiamia ndege wasile mpunga, yeye alilala chini kwenye kivuli cha dungu hilo hilo, na nyani wakitokea tu kwenye ukingo alikuwa ameshafika. Hakubweka akiwa mbali kama mbwa waoga wanavyofanya. Alikwenda kimya, kichwa chini, na kelele ilianzia huko huko kwa nyani. Mkono wangu wa kushoto haukuwa unapanda juu vizuri baada ya kukatwa. Siwezi kutupa jiwe kwa nguvu mpaka leo. Yeye ndiye aliyekuwa mkono huo.

Mwaka mmoja alizaa. Watoto wake walipoacha kunyonya niliwagawa kwa majirani, na baada ya hapo nikamkuta na kitu kwenye chuchu ya nyuma. Kilikuwa kidogo, kama punje ya kunde chini ya ngozi. Nikakiacha. Kikaendelea, kikawa kama tunda la mkoma, kigumu hivyo hivyo, hakiumi ukikibonyeza. Nikaenda Garsen kwenye duka la dawa za mifugo.

Huyu ndiye wa pili. Watu wanamwita dokta. Udokta wake ni koti jeupe. Mbwa nilimfunga nje kwenye nguzo, na yeye hakutoka hata nyuma ya kaunta.

"Amezaa?" akaniuliza.

"Amezaa, watoto wameshaondoka."

"Basi maziwa yameganda hayo, mama." Akanipa bomba la dawa ya kiwele, lile la kusukuma ndani ya chuchu ya ng'ombe.

"Hii itaingia wapi kwa mbwa? Chuchu yenyewe kama kichwa cha kiberiti."

"Pakaza kwa juu. Halafu kanda na maji moto."

Maziwa yameganda. Maneno hayo hayo, na kukanda na maji moto juu yake, niliambiwa mimi na muuguzi wa zahanati siku ya kwanza nilipompelekea titi langu. Huyo ni wa tatu. Maziwa gani? Mtoto wangu wa mwisho wakati huo alikuwa Mombasa anafuga ndevu. Nilikanda titi langu kwa maji moto msimu mzima wa mpunga kwa sababu ya maneno yale. Na sasa nimesimama mbele ya kaunta, nasikia wimbo ule ule kutoka mdomo mwingine, na masikio yangu hayakushtuka. Nilichukua bomba nikaenda zangu. Nilimpaka mbwa dawa ya ng'ombe, nikamkanda, naye akalala ubavu akinilamba kifundo cha mkono.

Kisha likapita gari lenye kipaza sauti likitangaza chanjo ya kichaa cha mbwa. Wenye mbwa wawalete Garsen, uwanjani karibu na mnada. Bure. Nikamwita mtu wa bodaboda.

"Hapana, mama," akasema alipoona abiria mwenyewe. "Mimi ni mtu wa swala. Huyo akiipaka pikipiki mate, niioshe mara saba na mchanga?"

"Nitamtia kwenye gunia."

"Na mdomo nao utautia kwenye gunia?"

Bodaboda wa pili alikubali. "Mimi nabeba mbuzi, nabeba jeneza, nabeba mpaka mwalimu mkuu. Panda." Tulifika Garsen mbwa amekaa katikati yetu, kichwa kimetoka kwenye gunia, masikio yanapepea kwa upepo. Vijana wa stendi wakaanza.

"Mathe! Huyo abiria ni wa Lamu ama Malindi?"

"Wa kwenu," nikawajibu. "Anakwenda kuposa."

Walicheka, na mimi nikacheka. Nakumbuka kwamba asubuhi ile nilikuwa nimechangamka.

Aliyekuwa anachanja ni binti, daktari wa mifugo, mgeni wa huku; ukimsikiliza unajua ametoka bara. Viatu vya mpira, nywele amefunga kitambaa. Alimdunga mbwa wangu shingoni, na mbwa alipogeuka kulalamika, mkono wa yule binti ukapita chini ya tumbo na ukasimama.

"Hii iko tangu lini?"

"Ni maziwa yameganda."

"Nani alisema?"

"Dokta wa duka."

Alipiga magoti kwenye vumbi, akamlaza mbwa chali, akapapasa chuchu moja moja mpaka kwenye makwapa. Akavaa kipimo cha masikioni akasikiliza kifua muda mrefu. Watu waliokuwa kwenye foleni na mbwa wao wakaanza kunung'unika.

"Mama," akaniambia, "hii ni saratani."

"Ya nini?"

"Kansa. Kansa ya matiti."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti kama mtu aliyetekenywa, mbwa wote wakageuza vichwa, na watu pia. Nilidhani kuna mtu amemwambia habari zangu wanitanie. Niligeuka nitafute ni nani, nani kati ya wale vijana wa stendi ana mdomo mrefu hivyo. Hapakuwa na kijana hata mmoja. Nilipomrudia yule binti alikuwa ananitazama, macho yakashuka upande wangu wa kushoto, pale ninapojaza kitambaa ndani ya nguo, halafu akayaondoa haraka. Nilikaa chini pale pale, kwenye vumbi na mavi ya ng'ombe.

"Mbwa?" nikamuuliza.

"Mbwa pia, mama. Hasa majike. Lakini mapafu yake yako safi, na uvimbe ni mmoja. Nikiukata sasa, ana nafasi nzuri. Niko hapa Garsen kwa kazi ya chanjo. Mlete Jumatano, nitakuwa nimepata dawa ya usingizi. Asubuhi hiyo asile kitu."

Asubuhi hiyo asile kitu. Niliposikia maneno hayo ndipo nilipoamini. Niliwahi kuambiwa maneno hayo hayo, nikalala usiku mzima na njaa nikisikia vitanda vya wengine vikilia. Nilimfunika mbwa gunia lake nikamrudisha nyumbani, na njia nzima sikuweza kuinua uso. Kama mtu angeniambia kwamba dungu langu limepata kansa, au mto, nisingeshangaa zaidi.

Sasa nifike kwa dada yangu, maana wengine wote niliowataja ni wadogo mbele yake.

Dada ni wa tumbo moja na mimi, yeye mkubwa. Nyumba yake iko kando ya yangu. Ni yeye aliyenipeleka hospitali, ni yeye aliyenifulia matapishi, ni yeye aliyenivua kilemba mbele ya wanawake wa kanisa siku nywele zilipoanza kurudi akasema, tazameni, zimeota laini kama za mtoto. Jumapili anaimba mstari wa mbele. Siwezi kusema hakunipenda. Afadhali ningeweza.

Nilimkuta anapepeta mchele.

"Dada," nikasema, "mbwa ana kansa."

Ungo ulisimama. "Ya wapi?"

"Ya titi."

Aliweka ungo chini taratibu, mchele usimwagike. Akajipangusa mikono kwenye leso. Kisha akainua kidevu, akapiga kigelegele. Si kile cha kanisani. Kile cha harusi, kirefu, kinachopanda na kukatika na kupanda tena. Jirani akatoka mbio kuuliza nani amejifungua.

Nilidhani amerukwa na akili. Kweli. Nilimshika mabega.

"Imeingia!" akasema, machozi yanamtoka. "Asante Yesu, imeingia! Mimi nilikuwa silali, kila mwaka unakwenda kupimwa mimi silali. Kumbe imeshaingia!"

"Nini imeingia?"

"Wewe ulidhani umeponywa na zile chupa za maji walizokutundikia?" Akanikalisha juu ya kinu kama mtoto. "Ile sidiria yako ya buluu, unaikumbuka?"

"Iliyoibwa kwenye kamba?"

"Haikuibwa. Niliichukua mimi."

Akanieleza, na alikuwa anaeleza kwa fahari, kama mtu anayefungua zawadi aliyoificha. Nilipokuwa hospitali, daktari amemwambia tusubiri tuone, yeye hakutaka kusubiri kuona. Akamleta mganga wa kutoka ng'ambo ya mto. Mganga akasema ugonjwa haufi, ugonjwa unahama. Apatikane mnyama jike anayemjua mgonjwa na kumpenda. Mbuzi hafai, kuku hafai, hawampendi mtu. Basi wakaloweka sidiria yangu kwenye dawa, wakasonga ugali kwa maji yale, wakamlisha mbwa.

"Alikula?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo kwanza.

"Akala, akalamba na sufuria!"

"Na kanisa, dada?"

"Kanisani pia niliomba. Mfa maji haachi kutapatapa, mdogo wangu. Na mfa maji ulikuwa wewe."

Mbwa alikuwa amelala mlangoni kwangu, ametupa mguu mmoja hewani ili uvimbe usigandamizwe. Nilikuwa namwona. Nilikuwa nasikia sauti ya dada na nilikuwa namwona mbwa, na vitu hivyo viwili havikutaka kukaa pamoja kichwani.

"Jumatano anakatwa," nikasema. "Kuna daktari Garsen."

Uso wa dada ukakunjika. "Hakatwi."

"Dada—"

"Mnyama aliyebebeshwa hatibiwi, wala hauawi. Akitibiwa, ugonjwa utatafuta njia ya kurudi ulikotoka. Akiuawa, vivyo hivyo. Aachwe afe mwenyewe, mbali na nyumba, taratibu."

Taratibu! Alilisema neno hilo kama unavyomwambia mtu aliyebeba maji.

"Mbwa ni wangu," nikamwambia.

"Na wewe ni wangu," akajibu, akachukua ungo wake.

Habari zilitembea. Kabla ya Jumatano walikuja wanawake wa kanisa, kiongozi wao mbele, na hawa nawataja wote kwa pamoja. Walikuja na sukari na majani ya chai. Walinipa pole? La. Walinipa hongera. Mmoja alisema Mungu ana njia zake, hata punda kwenye Biblia alisema. Mwingine aliinama kwenye mlango akamwambia mbwa asante. Nilimwona akifanya hivyo, mwanamke mzima, amevaa kitambaa cheupe cha kanisa, anamwambia mbwa asante kwa kuugua. Mchungaji nilimwendea mwenyewe, nikamwomba aseme na dada. Akasema, "Mama, mbwa ni mbwa. Msigombane ndugu kwa ajili ya mbwa." Basi na yeye yumo.

Jumanne nilimfunga mbwa kamba ndani, mlangoni mwa chumba ninacholala. Niliweka tayari shuka safi na gunia. Mtu wa bodaboda yule wa pili nilikuwa nimeshapatana naye. Asubuhi nilikwenda nyuma kuoga, nikarudi, kamba iko, mbwa hayuko. Kamba haikuwa imetafunwa. Fundo lilikuwa limefunguliwa vizuri, na vidole.

Nilikwenda mbio mtoni. Mwanamke mmoja alikuwa anafua pale.

"Dada yako? Amevuka sasa hivi," akasema. "Na mbwa kakaa mbele ya mtumbwi, ametulia kama bwana anakwenda kupokea mahari."

Bila shaka alitulia. Dada alikuwa anamlisha makoko ya wali tangu akiwa mdogo. Angemfuata popote.

Nilipopata mtumbwi na mtu wa kunivusha, ng'ambo hapakuwa na mtu isipokuwa nyayo za ng'ombe. Waorma waliokuwa wamepiga kambi pale kwenye malka, njia yao ya kunyweshea, walikuwa wamehama asubuhi ile kwenda nyanda za juu, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha bara na mto ulishaanza kubadilika rangi. Nilitembea nikiita. Niliita mpaka sauti ikawa kama ya jogoo mgonjwa. Yule binti daktari alinisubiri Garsen mpaka adhuhuri, halafu akapiga simu, na mimi nikashika simu nikashindwa kumweleza. Utamwelezaje mtu aliyesoma kwamba dada yako amemficha mbwa asipone, ili wewe usife?

Dada alirudi jioni, leso imelowa mpaka magotini. Alinipita akaingia jikoni kwake. Baadaye akaniletea sahani ya chakula, akaiweka kizingitini.

Kisha mto ukapanda. Ulipanda kuliko tulivyozoea, ukachukua mpunga, ukachukua dungu, na sisi tukahamia juu karibu na barabara, chini ya turubai. Mimi na dada turubai moja, kwa sababu ndivyo walivyogawa, kwa familia. Sikusema naye. Yeye alisema na mimi kila siku kana kwamba najibu. Unaumwa? Umekula? Mkono unauma kwa baridi? Na kila siku nilitazama maji yale ya rangi ya chai, yamejaa magogo na mizoga ya mbuzi, nikajua kwamba mbwa wangu yuko upande wa pili wa maji hayo na kile kitu kinakua.

Maji yalipotoka tulirudi kufagia tope. Siku hizo ndipo alipokuja mzee mmoja Muorma, mwenye ng'ombe, ameshika fimbo mkono mmoja na mkono mwingine kamba ndefu, ndefu sana, ya kumweka mbwa mbali na kanzu yake. Mwisho wa kamba alikuwa yeye. Sikumtambua mara moja. Nilitambua sikio.

"Mama," mzee akasema, "hii mbwa yako?"

"Wangu, mzee."

"Dada yako alileta kwetu. Alisema chunga ng'ombe na fisi. Haye, tukachukua. Hii mbwa hapana kazi! Fisi nakuja, yeye iko naangalia mto. Asubuhi iko naangalia mto. Nikasema, hii ina mtu." Akachoma fimbo kwenye tope. "Dada yako hapana sema iko mgonjwa. Angesema. Kifua yake sasa iko na nyuki."

Na kweli. Ukikaribia ulisikia mvumo ndani yake, kila pumzi inapita mahali pembamba. Uvimbe ulikuwa umepasuka, inzi wameukalia. Mbavu zinahesabika. Lakini mkia, aliponisogelea, mkia ulikwenda. Nilikaa chini kwenye tope nikamchukua kichwa, na yule mzee akageuka akatazama migomba, kwa adabu, mpaka nilipomaliza.

Huyu mzee simtaji kwa ubaya. Alidanganywa kama mimi.

Nilimpigia yule binti. Alikuja siku hiyo hiyo na pikipiki, tope mpaka kiunoni. Safari hii hakusikiliza kifua kwa muda mrefu. Aliondoa kipimo masikioni, akakikunja, akawa anakikunja tu.

"Iko kwenye mapafu," akasema. "Mama, wakati ule—"

"Najua wakati ule."

"Sasa siwezi kukata. Hatakufa leo wala kesho, lakini atakuwa anakosa hewa, kila siku kidogo zaidi. Ninayo dawa ya kumlaza. Hatasikia kitu. Ni wewe tu useme."

Dada alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Alikuwa amesikia yote. Nilidhani atapiga kelele, na ningefurahi kama angepiga, ningepata mahali pa kumrushia sufuria. Alikuja polepole akapiga magoti mbele yangu, dada yangu mkubwa, kwenye tope, akanishika miguu.

"Mdogo wangu, nakuomba. Usimuue. Mwache. Akifa mwenyewe umepona kabisa, hutaumwa tena. Ukimuua inarudi. Nakuomba. Nilikuona ukiwa huna nywele. Siwezi tena."

Hapo nilielewa kwamba haigizi, wala si ukaidi wa mtu mkubwa. Kwamba mwanamke huyu tangu nilipolala hospitali anaishi kwa kumtazama mbwa yule, akisubiri. Na mbwa alikuwa katikati yetu, amelalia mguu wangu na mkono wa dada, anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba kutoka kisimani. Alimlamba dada kidole. Alimlamba hata yeye.

Nilimtazama daktari nikamwambia, "Mlaze."

Dada alitoa mguno kama mtu aliyepigwa tumboni. Hakuondoka. Binti alinyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, akatafuta mshipa, akaisukuma dawa taratibu. Mimi nilishika kichwa. Nilikuwa namwambia maneno, sijui maneno gani, nadhani nilikuwa namwambia kuhusu nyani. Mvumo ule wa nyuki ukapungua, ukawa mmoja mmoja, kisha nikasubiri mwingine na haukuja. Binti akaweka kipimo kifuani mwa mbwa, akatikisa kichwa.

Na kabla sijalia, kabla sijafumba macho yake, mkono wangu wa kulia uliniacha. Sikuutuma. Uliingia wenyewe kwenye shingo ya nguo, ukashuka, ukashika titi lililobaki, vidole vikaanza kuzunguka kama nilivyofundishwa hospitali, kutoka nje kuja ndani, vikibonyeza.

Binti aliona akainamia mfuko wake. Dada pia aliona. Alikuwa bado amepiga magoti.

"Umeona?" akasema kwa sauti ndogo, wala si kwa kunisuta. "Hata wewe."

Nilitaka kuutoa mkono pale. Mbwa wangu alikuwa mapajani, bado wa moto, na mimi nilikuwa natafuta.